Mpwa ni wa Dada

Simu ilikuwa katikati ya meza, na mkalimani alikuwa ndani ya simu. Hawakuwahi kumwona. Alikuwa sauti tu, sauti ya mwanamume wa makamo mwenye mafua, na kila ofisa aliposema jambo ilibidi Fundi na mkewe wainamie meza kama watu wanaopuliza jiko, wasubiri sauti ile ipenge kamasi kwanza ndipo iwageuzie maneno.

"Ofisa anasema majibu ya vipimo yametoka," ilisema simu. "Wale watoto wa kiume wawili ni wenu. Hana wasiwasi nao."

"Tunashukuru," alisema Fundi. Hakujua anashukuru nini, maana hata yeye hakuwa na wasiwasi nao.

"Lakini anasema yule msichana si wenu."

Mke wa Fundi alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili mapajani. Akaushika zaidi.

"Si wetu kivipi?"

"Ile pamba mliyopitishiwa shavuni ndiyo iliyosema. Si wa baba wala si wa mama. Ofisa anauliza mlimpata wapi."

Mlimpata wapi. Hivyo ndivyo anavyoulizwa mtu aliyekamatwa na redio isiyo yake. Fundi alihisi masikio yanawaka moto. Alimtazama ofisa, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, akatafuta usoni mwake dalili ya dharau ili apate wa kumkasirikia, asiione. Ofisa hakuwa mtu mbaya. Ila mwezi uliopita, kwenye kiti hichohicho, alikaa mtu na mkewe waliosema mtoto ni wao, naye akawaamini, na baadaye ikajulikana kwamba mtoto yule alinunuliwa. Tangu hapo hakuwa akilala vizuri, na alikuwa ameapa kutoamini tena maneno matupu.

"Mwambie ni mtoto wangu," alisema Fundi.

"Anasema vipimo vinakataa."

"Basi mwambie vipimo havimjui."

Simu ilipenga kamasi. Kisha ikauliza kwa upole, "Nitafsiri hivyohivyo, ndugu?"

"Hivyohivyo."

Mkewe aliona mambo yanaharibika, akaingilia. Alisema kwa haraka, macho yameikazia simu, kwamba mtoto ni wa marehemu shemeji yake, kaka mkubwa wa huyu mume wake. Kwamba mama yake alifariki wakati wa kujifungua, na baba akafuata kabla mtoto hajaota meno. Na kwamba wao walimchukua wakamlea, wala hapakuwa na kikao, maana nani mwingine angemchukua? Sauti ndani ya simu iliyabeba yote hayo ikayapeleka upande wa pili. Ofisa akavaa miwani, akaandika, akasema neno fupi.

"Anasema, kwa hiyo ni mpwa wenu."

"Hapana!" Fundi alipiga meza kwa kiganja, simu ikaruka kidogo. "Mpwa ni mtoto wa dada. Mimi dada sina, sijawahi kuwa naye. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Wewe si mwenzetu? Hujui?"

"Najua, ndugu. Lakini kwao ni neno moja. Mtoto wa dada, mtoto wa kaka, neno ni hilohilo."

"Basi lugha yao haijakamilika."

"Na hilo nitafsiri?"

Mkewe alimfinya paja chini ya meza.

Ofisa aliuliza swali jingine, safari hii taratibu. Kwa nini siku ile ya kwanza, walipoulizwa wana watoto wangapi, walijibu watatu?

"Kwa sababu ni watatu," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ningesemaje? Wawili na mmoja?"

Ilipofika mwisho, mambo yalikuwa hivi. Jumatano inayofuata warudi wote, wao na watoto. Ofisa atamuuliza binti mwenyewe, mbele yao, hawa ni nani wake. Maneno yake yakilingana na waliyoyasema leo, kuna njia. Yasipolingana, binti atapelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto mpaka uchunguzi uishe, na kibali cha familia nzima kitasimamishwa.

"Na anauliza," simu ilimalizia, "mtoto mwenyewe anajua?"

Fundi na mkewe walitazamana.

"Hajui," alisema mke.

Mbali na pale, katika chumba chake, mkalimani alikuwa amejifunika blanketi mabegani na kikombe cha maji ya limau mbele yake. Yeye mwenyewe alilelewa na mama mkubwa, na mpaka leo akisema "mama" ni huyo anayemwona. Alitamani kuwaambia. Lakini kazi yake ilimtaka ageuze maneno ya watu, asiongeze ya kwake, na alikuwa na watoto wanaosoma. Akaaga, akakata simu.

* * *

Ukweli ni kwamba hakuna aliyemficha binti kitu. Hakuna pia aliyemwambia. Kule kwao haya hayakuwa maneno ya kusemwa. Kila mtu mtaani alijua, tangu muuza mkaa mpaka mwalimu wake, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja, kama vile hakuna anayekutajia rangi ya mlango wako. Binti alikua akiita baba na mama, akaitikiwa. Walipozaliwa wadogo zake wawili walimwita dada. Mke wa Fundi mwenyewe, kwa mila ya kumwita mwanamke kwa mwanawe wa kwanza, aliitwa mama wa huyo binti hata kabla hajabeba mimba yake mwenyewe.

Halafu kulikuwa na ushauri wa Mwenyeji.

Mwenyeji alikuwa mwenzao aliyetangulia kufika nchi ile kabla yao wote, na kila Jumamosi alikusanya wageni wapya katika ukumbi wa kuazima, akiwa na tai shingoni, akawafundisha maisha. Mengi aliyofundisha yalikuwa ya kweli na ya msaada. Makoti mnunue ya mitumba, ila viatu vya baridi nunueni vipya. Usipande basi bila tiketi hata kama dereva hakuangalii. Takataka zina siku zake na mapipa yake. Mtoto akikuudhi njiani, meza hasira, mkamalizane nyumbani kwa maneno. Na la mwisho, ambalo alilisema amenyoosha kidole: "Ofisini ujibu unachoulizwa, ukomee hapo. Ukianza kueleza, watadhani unatunga. Swali fupi, jibu fupi."

Kwa hiyo Fundi alipoulizwa watoto wangapi, alijibu: watatu. Akajisifu moyoni kwa ufupi wa jibu lake.

* * *

"Tumwambie leo," alisema mke wa Fundi jioni ile. Alikuwa bado na nguo za kazi, zile za buluu za kuhudumia wazee, na alisimama jikoni bila kuwasha kitu. "Tumwite hapa, tumkalishe, tumwambie."

"Tumwambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba mimi si baba yake?"

"Sikusema hivyo."

"Lakini ndivyo atakavyosikia." Fundi aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana jiko lao halikuwa na nafasi ya kiti. Tangu watoke ofisini alikuwa akikunja mashuka ya hoteli katika chumba cha kufulia, yeye aliyekuwa fundi cherehani mwenye wateja wanaopanga foleni, na msimamizi wake, kijana anayetafuna kila saa, alimpa ruhusa ya Jumatano kwa kumwonyesha tu vidole viwili kisha kimoja, bila kufungua mdomo, kama anayeagiza bidhaa. Kati ya siku mbili za ruhusa alizokuwa nazo mwaka ule, sasa imebaki moja. "Watoto wa shule yake wanamcheka kwa koti. Wanamcheka anavyotamka. Akirudi hapa ndipo anapopumzika. Leo na hapa nipabomoe?"

"Usipopabomoa wewe, yule mama wa miwani atapabomoa Jumatano. Mbele ya watu. Kupitia simu."

Fundi aliinama akafungua kamba za viatu.

"Unadhani mimi napenda?" Sauti ya mkewe ilianza kukatika. "Mimi umama nimeanzia kwake. Naitwa kwa jina lake, toka nilipokuwa bibi harusi. Nikishasema si wangu, mimi niitwe mama wa nani?"

"Una wavulana."

"Usinijibu hivyo. Usithubutu kunijibu hivyo."

Fundi akajutia alichosema. Mlango wa chumba cha watoto ulikuwa umefungwa, na nyuma yake ilisikika sauti ya binti akimsomea mdogo wake wa kati kazi ya shule, kwa ile lugha ya ugenini ambayo yeye peke yake nyumbani aliimudu. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Hakuna kati yao aliyefikiria kwamba kinachosikika kutoka huko huweza pia kusikika kutoka huku.

* * *

Mwenyeji alikuja Jumapili, bila tai, jambo lililowaonyesha kwamba anajiona mkosaji.

"Shemeji, hujambo," alimwambia mke wa Fundi, akakaa ukingoni mwa kochi. "Nimesikia. Na nimesikia nimetajwa."

"Hatukukutaja kwa ubaya."

"Nitajeni tu. Jibu fupi, jibu fupi. Domo langu hili." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sasa sikiliza, ndugu yangu. Hii ngoma si ngumu kama unavyodhani. Ni neno moja tu. Ukisema mpwa, kwa neno lao, mafaili yao yanafunguka. Wana sehemu ya mpwa. Sehemu ya 'mtoto wa kaka ambaye ni mtoto wangu' hawana."

"Si mpwa."

"Najua si mpwa."

"Sasa unanifundisha uongo? Nimeambiwa nimedanganya niliposema kweli, na sasa niseme uongo ndiyo niaminiwe?"

"Kwao si uongo, ndugu yangu."

"Mimi ndiye nitakayetoa hilo neno mdomoni. Si wao." Fundi alisimama, akakaa tena, maana hapakuwa na pa kwenda. "Kaka yangu alinishika mkono, pale kitandani kwake. Hakusema 'nilelee mpwa wako.' Alisema, 'Mtoto wako huyo.' Basi. Akageukia ukutani. Sasa nikiwaambia hawa watu ni mpwa, huko aliko akisikia?"

Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Mwenyeji hakujitia kujua. Alibaki akiangalia viatu vya watoto vilivyopangwa mlangoni, jozi tatu, kubwa hadi ndogo.

Lakini kabla hajaondoka alimfundisha. Alilitamka lile neno la kigeni polepole, Fundi akalirudia, ulimi ukamkwama, akalirudia tena. Mtoto wao wa kati, ambaye kwa udadisi wake wote walimwita Bwana Maswali, alichungulia mlangoni akauliza, "Baba, hilo neno maana yake nini?" Fundi akamfukuza akacheze.

* * *

Jumatatu Fundi aliamua kusema. Alipiga moyo konde njia nzima ya kutoka kazini, na alipofika alimwita binti sebuleni, akamwambia alete ile sketi ya shule iliyomwachia magoti wazi, aishushe pindo.

Binti alivaa sketi, akapanda juu ya stuli. Alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu ya marehemu. Kila aliporefuka, Fundi alimwona kaka yake akirudi kidogokidogo. Akapiga magoti sakafuni na pini mdomoni, kama alivyofanya maisha yake yote, na hapo ndipo alipogundua kwamba mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema kitu. Akachomeka moja. Akachomeka nyingine.

"Baba, uliishusha mwezi uliopita," alisema binti kutoka juu.

"Mm."

"Nimerefuka tena?"

"Mm."

"Jumatano wataniuliza nini?"

Mikono ya Fundi ilisimama. Alitoa pini zilizobaki, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kiganja. Sasa mdomo ulikuwa mtupu na hakuwa na kisingizio tena.

"Watakuuliza kuhusu sisi," alisema. "Watakuuliza sisi ni nani wako."

"Nami niseme nini?"

Palikuwa na nafasi pale, pana kabisa, na neno lilikuwa limekaa tayari ulimini. Binti alimngoja. Alimngoja kwa uvumilivu usio wa kitoto, na kama Fundi angemtazama usoni wakati ule labda angeng'amua. Lakini Fundi alikuwa anatazama pindo.

"Sema kweli," alisema. "Geuka nipime nyuma."

Woga ulimshinda. Hapana haja ya kulipamba. Mtu aliyevuka mipaka na watoto watatu, akaacha cherehani nyuma, alishindwa kusema sentensi moja kwa mtoto aliyesimama juu ya stuli.

* * *

Jumatano waliketi wote upande mmoja wa meza. Kitindamimba alikaa mapajani mwa mama yake, Bwana Maswali akabanwa katikati asiguse kitu, na binti akakaa mwisho, mbele kabisa ya ofisa, sketi ikimfika chini ya magoti inavyotakiwa. Simu ilikuwa mahali pake. Mafua ya mkalimani yalikuwa yamepungua.

Ofisa alianza na Fundi. Aliuliza, na simu ikageuza: "Kwa maneno yako mwenyewe, huyu binti ni nani wako?"

Fundi alifungua mdomo. Neno la Mwenyeji alikuwa amelirudia siku mbili mfululizo juu ya mashuka, mpaka wenzake kazini wakadhani anaimba. Alimwona kaka yake amegeukia ukutani.

"Ni..." alisema. "Huyu ni..."

Mkewe alifumba macho. Ofisa alingoja, kalamu mkononi. Kalamu ikaanza kushuka kuelekea kwenye karatasi, na Fundi akaiona inashuka, na bado hakuweza.

Ndipo binti aliposema. Alisema kwa lugha ya ofisa, waziwazi, bila kukwama, na ndani ya maneno yake Fundi alilisikia lile neno moja, lile la mpwa, likitoka limenyooka kuliko yeye alivyowahi kulitamka.

Ofisa akamgeukia binti. Akamuuliza kitu. Binti akajibu, tena kwa kirefu, mikono yake imekaa juu ya sketi. Fundi na mkewe hawakuelewa. Wakafanya walichozoea: wakainamia simu. Na hivyo mambo aliyoyasema mtoto wao, aliyekaa hatua moja tu kutoka kwao, yakawafikia kwa sauti ya mwanamume wasiyemjua.

"Binti anasema," ilisema simu, kisha ikaanza upya. "Anasema yeye ni mtoto wa marehemu kaka yako, ndugu. Ndivyo alivyosema."

Fundi alijua sivyo alivyosema. Alijua pia kwamba mkalimani ameivunja sheria yake kwa ajili yake, na akaishika ile fadhila kifuani.

"Ofisa amemuuliza nani alimwambia. Anasema ni bibi. Siku ya kuaga, bibi alimshika mkono akampeleka makaburini. Akamwambia, 'Muage baba yako.' Yeye akauliza baba yupi, baba si yuko nyumbani anafunga mizigo? Bibi akamwambia, 'Huyu ndiye aliyekuleta. Yule ndiye anayekupeleka. Muage huyu, umfuate yule.'"

Mke wa Fundi aliziba mdomo kwa kichwa cha kitindamimba.

"Ofisa ameuliza kwa nini hakuwahi kusema kwamba anajua." Sauti ndani ya simu ilikohoa, na haikuwa mafua. "Anasema aliogopa. Anasema kila mtu kule alikuwa akisema huku wanaruhusu mtu na watoto wake tu. Alidhani akisema anajua, mtakumbuka kwamba si wenu, mtamwacha kwa bibi. Baadaye mlipokwisha kufika, akadhani mtamrudisha. Kwa hiyo akanyamaza."

Miaka miwili. Miaka miwili tangu waondoke kwao, mtoto alikula, akalala, akasoma, akachekwa kwa koti, huku moyoni anangoja kurudishwa. Fundi aliyejiona anamlinda kwa ukimya wake alielewa kwamba kila siku ya ukimya ule ilikuwa ni siku nyingine ya mtoto kuwa roho juu. Alitaka kunyanyuka amshike, lakini hakujua kama ofisini inaruhusiwa, na hilo nalo lilimuuma, kwamba hata kumshika mwanawe alikuwa anajiuliza kama kuna kibali.

Ofisa alivua miwani. Akauliza la mwisho, na halikuhitaji kugeuzwa, maana binti alijibu kwa kumnyooshea Fundi kidole na kusema neno ambalo kila mtu mle ndani alilielewa: "Baba."

Baada ya hapo kalamu ilifanya kazi yake. Mkalimani aliwaeleza kwamba itabidi bibi alete uthibitisho wa vifo vya wazazi, kwamba itachukua muda, kwamba watatembelewa nyumbani. Lakini binti hataondolewa. Kibali kitaendelea. Yeye ataandikwa mpwa na wao wataandikwa walezi.

"Walezi," alirudia Fundi.

"Ndiyo hivyo, ndugu," ilisema simu. "Ni karatasi. Nawatakia kila la heri." Halafu, kwa haraka, kama mtu anayevusha kitu dirishani: "Mimi nililelewa na mama mkubwa." Na simu ikakatika.

* * *

Nje walingoja basi. Mke alitangulia na wavulana kwenye benchi, akawaacha wale wawili wamesimama kando ya nguzo. Upepo ulikuwa baridi. Fundi alimfunga binti kifungo cha juu cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

"Nilikuwa nataka kukwambia," alisema. "Siku ile ya sketi."

"Najua. Niliona."

"Nilishindwa."

"Najua." Binti alikuwa anatazama upande basi linakotokea. "Kuta za nyumba yetu nyembamba. Nilisikia yote ya jikoni. Na ya yule Mwenyeji."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nione kama hutasema lile neno." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Nilisema mimi ili usiseme wewe. Mimi nikilisema haliumi. Ni la kule shule tu."

Fundi aligeuka akatazama barabara. Machozi yalimtoka, naye akayaacha, kwa kuwa upepo ule uliwatoa machozi wote waliosimama pale na hakuna ambaye angejua.

"Yeye," aliuliza binti baada ya muda, "alikuwa mkubwa wako au mdogo wako?"

"Mkubwa wangu. Alinipita miaka minne."

"Kwa hiyo wewe ni baba mdogo."

Kwa usahihi, kwa Kiswahili kilichonyooka, ndivyo alivyokuwa. Hapakuwa na kosa la kusahihisha. Ni yeye mwenyewe aliyepiga meza akidai kila mtu aitwe kwa neno lake, na sasa neno lake ndilo hilo, limemfikia.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni baba mdogo."

Binti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anatafuta namba ya nyumba akaiona.

"Baba mdogo," alisema, "basi neno ni hilo."

* * *

Jumamosi iliyofuata Mwenyeji alisimama mbele ya wageni wapya, tai shingoni, akafundisha makoti na tiketi na takataka kama kawaida. Alipofika kwenye ofisi alikohoa. "Mkiulizwa watoto," alisema, "elezeni. Huyu nimemzaa, huyu wa marehemu kaka, huyu wa dada. Elezeni mpaka wachoke. Na kabla ya wao, waelezeni watoto wenyewe." Watu waliandika. Walimwona leo hana mzaha, wakadhani anaumwa.

Jioni ileile, nyumbani kwa Fundi walikuwa wanakunywa chai. Tangu Jumatano binti alikuwa akimwita hivyo, baba mdogo, bila kulisisitiza na bila kulipunguza, na kila alipoita Fundi aliitika, na kila alipoitika kitu kilimchoma mahali palepale. Mkewe alikuwa anaona. Yeye hakuwa amebadilishiwa jina, na siku zote hizo alikuwa akiogopa kuuliza. Sasa aliuliza, amegeukia jiko, anajifanya anakoroga.

"Na mimi je? Nimeshakuwa mama mdogo?"

Binti alifikiri. "Hapana. Wewe bado mama. Yule mwingine sijapelekwa kumuaga."

Kijiko kiliacha kukoroga. Mama mzazi alizikwa kwao, mbali, na kweli hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpeleka mtoto.

"Tutakupeleka," alisema mama. "Tukipata tu nafasi ya kwenda, tutakupeleka."

"Haya."

Bwana Maswali alikuwa ametulia muda mrefu kuliko desturi yake. Sasa alisukuma kikombe chake mbele, akatoa tabasamu la uchokozi. "Baba mdogo," aliita, akiigiza sauti ya dada yake, "baba mdogo, nipe sukari!"

"Acha," alisema binti.

"Baba mdogo, baba mdogo..."

"Nimesema acha!" Alikuwa amesimama, na kikombe chake kimemwagikia meza. "Wewe huna baba mdogo. Wewe una baba tu, basi, kama watu wote. Huyu ni baba mdogo wangu mimi."

Mvulana alishtuka, midomo ikaanza kumcheza. Alimtazama baba yake, akamtazama dada yake, akaona kuna kitu cha thamani kimegawanywa na yeye amekosa.

"Na mimi nataka baba mdogo," alisema huku analia.

"Hakuna," alisema binti. Alivuta kiti, akakisogeza mpaka kikagusana na cha Fundi, akakaa. "Alikuwa mmoja tu, na nimeshamchukua mimi."